Chumba cha Upande wa Sokoni

Dada wa mapokezi alitaka kutufanyia wema. Alimtazama mama, akaiona ile miwani myeusi na kitambaa cheupe alichokishika mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, kama mama ametoka kwenye upasuaji msikae upande wa sokoni, hatapata usingizi. Magari yanaanza kushusha saa tisa usiku. Niwape cha upande wa bustani." Cha bustani kilikuwa shilingi 190,000 kwa usiku mmoja. Cha sokoni 160,000. Vyote na chai ya asubuhi ndani yake.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi hatua kama kumi kutoka pale. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa miaka mingi, lakini masikio ni yaleyale. Akasema kutoka kulekule alikokaa: "Mwanangu, chukua hichohicho cha sokoni."

Nilijua kwa nini.

Kuanzia mwaka 1994 hadi nilipomaliza kidato cha nne, mama aliuza maharage na viazi katika soko kuu la Iringa. Magari ya kutoka kwetu Kilolo yalifika mjini jioni, biashara ya jumla ilifanyika alfajiri, na kulipia nyumba ya wageni kungekula faida yote ya gunia. Kwa hiyo alilala sokoni. Alitandika magunia matupu kwenye baraza, akajifunika kitenge na blanketi, akangoja kukuche. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na anayeujua upepo wa Iringa wa mwezi wa sita na wa saba hahitaji kuelezwa. Nililala naye pale mara tatu nikiwa likizo. Nakumbuka harufu ya koroboi na ya viazi vilivyotoka kwenye udongo wenye maji. Mama alinilaza katikati ya magunia mawili yaliyojaa, yeye akalala upande unakotoka upepo.

Wiki iliyotangulia alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Daktari alitaka kuliona siku mbili mfululizo, na kumpandisha na kumshusha barabara ya Kilolo kila siku kwenye vumbi hilo hatukutaka. Mimi ni mhasibu, nafanya kazi Dodoma. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi la kupitia Mtera. Kaka yangu na mdogo wetu wakachanga. Tukasema safari hii mama asiende kubanana kwa ndugu zetu kule Kihesa. Alale kwenye kitanda kizuri, kwenye hoteli nzuri kuliko zote tunazoweza kuzilipia, na iwe palepale mjini. Sitalitaja jina. Ni jengo jipya la ghorofa tano, lenye lifti, na lango lake limepakana na barabara inayoingia sokoni.

Chumba kilikuwa kizuri kweli, nisidanganye. Kitanda kipana, duveti nzito, maji ya moto yanayotoka bila kusubiri, ketli, na chai ya Mufindi kwenye vipakiti. Bafuni palikuwa na kikapu cha milulu, kazi ya akina mama wa huku, chenye mistari ya zambarau. Wamekitia taulo za kubadilisha. Mama alizitoa taulo zote, akazipanga juu ya kiti, akakigeuza kikapu na kupapasa kitako chake, pale mshono unapoanzia. "Huyu aliyeshona anajua," akasema. "Hiki ni cha unga." Akakiweka juu ya meza, na hapo kilibaki siku zote tulizokaa. Mhudumu wa usafi alikirudisha bafuni mara moja. Mama akakitoa tena.

Kisha akaenda dirishani.

Hapo ndipo ningependa muwepo. Alivua miwani, maana ndani daktari alimruhusu, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja na kutazama chini kwa jicho jipya. Alikaa kimya muda mrefu. Mabati ya soko, mnara wa saa wa Jamatini, vichwa vya watu, toroli za mizigo, na turubai zilizofungwa juu ya wauza nguo.

"Lile turubai ni la bluu?"

"Ndiyo mama, la bluu."

"Bluu hivyo?"

Akaziba la kulia, akatazama kwa la kushoto ambalo bado halijafanyiwa. "Huku naona kama nimemwagiwa ulanzi." Ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Akarudia la kulia. Akafanya hivyo mara tano, sita, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa nyumba aliyojengewa. Kesho yake daktari alitueleza sababu: lenzi ya jicho ikizeeka hugeuka manjano, halafu kahawia, na rangi inayozuiwa kuliko zote ni bluu. Wakitoa ile iliyochakaa na kuweka mpya, bluu inarudi ghafla. Watu wengi, alisema, hiyo ndiyo rangi wanayoitaja kwanza.

Usiku dada wa mapokezi hakuwa amesema uongo. Saa tisa na robo Fuso la kwanza lilifika. Nikaamka kwa hofu kwamba mama atasumbuka, kumbe yuko macho, kalala chali, mikono juu ya duveti.

"Hilo la viazi," akasema.

"Umejuaje?"

"Sikiliza linavyotua. Gunia la viazi likitua linakaa. La mahindi linachakacha kidogo ndipo litulie. Kreti za nyanya hazitupwi, kwa hiyo ukisikia kelele za watu bila kishindo ujue ni nyanya za Ilula."

Tulilala pale tukisikiliza hadi alfajiri, kishindo na mchakacho, na kuli mmoja aliyekuwa akiimba. Mama hakusikia baridi. Nilimgusa miguu kuhakikisha. Nimeandika mambo mengi maishani mwangu, mengi ni hesabu za watu, lakini sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya aina ile.

Asubuhi tukashuka kula. Bufee ilikuwa ndefu, watumishi wana adabu, binti mmoja wa Mufindi alimwamkia mama "Kamwene, bibi" na mama akachangamka. Soseji, mayai, mikate ya aina nne, juisi ya boksi. Na kwenye chombo kimoja cha kupashia moto, maharage ya kopo, yale madogo meupe ndani ya mchuzi mwekundu. Mama alichota kijiko kimoja, akatafuna taratibu.

"Haya yametiwa sukari?"

"Ndivyo yanavyotengenezwa huko yanakotoka, mama."

Hakusema kitu kingine. Alisogeza sahani. Lakini aligeuka kutazama dirisha la ukumbi wa chakula, na dirisha hilo linatazama bustani. Soko liko nyuma ya ukuta, hatua mia mbili hazifiki, msimu wa maharage mapya, na sisi tunakula ya kopo. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma ninapoandika.

Tuliporudi kutoka hospitali, jicho likiwa linaendelea vizuri, mama akasema anataka kununua maharage ya mimi kurudi nayo Dodoma. Yeye aliacha kulima tangu macho yalipoanza kufifia. Tukaingia sokoni kwa mlango wa chini.

Sina haja ya kuwaeleza soko lote. Niwaeleze mkono wa mama tu. Kwenye kizimba cha kwanza aliingiza mkono ndani ya gunia hadi kiwikoni, akatoa punje kutoka chini, si zile za juu zilizopangwa kupendeza. Akanusa. Akaziacha. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilikuwa cha mwanamke wa makamo aliyevaa sweta ya shule ya mtoto wake, anauza maharage aina ya kablanketi. Mama alitoa punje tatu, akaweka moja katikati ya meno na kuibana. Ikalia "ta". Maharage makavu yanalia hivyo. Yenye maji yanabonyea na jino linaacha alama, na hayo yakikaa yanaota ukungu. Halafu akazisogeza zile mbili zilizobaki karibu na jicho la kulia. Kablanketi ina mabaka ya zambarau juu ya rangi ya kijivu. Akazigeuza kwa kidole gumba. "Miaka sita nilikuwa nanunua kwa meno tu," akamwambia yule mwanamke, na yule mwanamke, ambaye hakujua habari yoyote ya jicho, akamwambia, "Pole, mama," kwa sauti ya mtu anayemaanisha.

Tulichukua debe mbili. Kuli akalibeba gunia begani, kwa sababu daktari alimkataza mama hata kuinama, tukatembea naye hadi hotelini.

Mlinzi akatuzuia. Hakuwa mkali, alisema anafuata maagizo: mzigo wa gunia haupiti mlango wa mbele, unapita nyuma. Sisi wenyewe tupite, gunia lizunguke. Nilianza kubishana. Nilimwonyesha kadi ya chumba. Nilimwambia kwamba wageni waliotutangulia wamepita na masanduku makubwa kuliko gunia hili, na hakuna aliyewauliza. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika.

Mama akanishika mkono. "Lilinga," akasema kwa Kihehe, akiutazama ukuta. Ngome. Ndilo neno lililoupa mji huu jina lake, na ile kubwa ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa Kalenga hadi Wajerumani walipoivunja Oktoba 1894. "Basi nami nitapita na gunia langu." Akamfuata kuli kuelekea nyuma.

Nyuma ni jikoni. Nilipowafikia, mama alikuwa ameshapewa kiti, gunia liko miguuni kwake, na wapishi watatu wamemzunguka, mmoja amelifungua ananusa. Mpishi mkuu, kijana wa Makambako, alichota kiganja kimoja na kusema, "Bibi, haya ndiyo yamenilea."

Mama akamuuliza lile ambalo nililimeza asubuhi. Kwa nini basi unawapa watu ya kopo?

Akatueleza, na maelezo yake nimeyafikiria sana kwa kuwa ni ya upande wangu wa kazi. Alipoanza kazi pale alinunua sokoni. Ofisi ya fedha ikamrudishia karatasi zake: risiti iko wapi? Wakamwambia hoteli inatakiwa kuonyesha risiti ya mashine ya kodi kwa inachonunua, la sivyo matumizi hayo yanaweza kukataliwa kwenye hesabu za kodi. Mwanamke mwenye gunia tatu hana mashine, na kwa mauzo yake madogo hatakiwi kuwa nayo. Kopo linatoka kwa msambazaji, linakuja na risiti safi. Basi kopo linashinda.

Nimewahi kuwarudishia watu karatasi za namna hiyo mimi mwenyewe, kwenye meza yangu Dodoma, tena mara nyingi. Sikuwahi kumfikiria mwanamke wa sweta ya shule.

Nikamwambia mpishi ninachokiamini: njia ipo. Akina mama wa soko wengi wako kwenye vikundi, na vingine vimesajiliwa halmashauri kwa ajili ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Kikundi kikiwa na namba ya mlipakodi na mashine moja, kinaweza kuiuzia hoteli kila wiki na kutoa risiti moja kwa niaba ya wote. Ni kazi ya siku chache kwa mtu anayejua fomu. Hoteli yenye vyumba vya shilingi 190,000 haishindwi kumtuma mhasibu wake avuke barabara akakae nao. Nilimwandikia hatua zote kwenye karatasi, nikaweka namba yangu ya simu, na nikamwambia anipe meneja wake nizungumze naye. Meneja alikuwa amesafiri. Nimeshampigia mara mbili tangu nirudi, na nitapiga tena.

Wakati sisi tunaongea mambo ya risiti, mama na wale wapishi wawili walikuwa wanachambua maharage kwenye sinia. Akawaachia kiasi cha bakuli mbili.

Asubuhi ya kuondoka, binti wa Mufindi alikuja mezani kwetu na bakuli lenye kifuniko. Halikuwa kwenye bufee. Kablanketi iliyochemshwa usiku, ikaungwa kwa kitunguu na nyanya, mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila kuongezewa kitu. Mvuke ulipanda hadi kwenye miwani ya mama, akaivua, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaonja.

"Mwambie mpishi chumvi ametanguliza," akasema. "Angoje maharage yaive kwanza. Na akija kununua asije kwa mlango wa juu. Apite wa chini, kizimba cha tatu, mama wa sweta ya kijani."

Binti alitoa kalamu mfukoni na kuandika kwenye kiganja.

"Cha tatu kushoto au kulia, bibi?"

"Kushoto," mama akasema, akachota tena.