Usiishie kuamini moyoni, fungua mdomo ukiri

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe sana. Leo nataka tuongee kuhusu ukiri, yaani kutamka kwa mdomo kile unachokiamini, maana naona imani kwa wengi imegeuka kitu cha ndani tu, ukimuuliza mtu anakwambia "mimi na Mungu wangu tunajuana, yupo moyoni", na kauli hiyo inasikika vizuri lakini ukiipeleka kwenye Biblia inakosa pa kukaa.

Hebu soma Warumi 10:9-10 taratibu. "Ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni mwako ya kuwa Mungu alimfufua katika wafu, utaokoka." Paulo ameweka vyote viwili, moyo na kinywa, na cha ajabu kinywa kakitaja kwanza. Halafu nenda Yohana 12:42 uone watu waliobaki na moyo peke yake. Pale imeandikwa kabisa kwamba hata kwa wakuu walikuwepo wengi waliomwamini Yesu, lakini kwa sababu ya Mafarisayo hawakumkiri, waliogopa kutengwa na sinagogi. Waliamini jamani! Ila mdomo ulifungwa na hofu ya watu, na Yohana anamalizia kwa kusema walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu. Mi huo mstari kila nikiusoma unanishtua, maana haukuandikwa kwa ajili ya wapagani, ni kwa ajili ya waamini wa kimyakimya.

Kuna habari moja ya karne ya 4 naipenda mno. Pale Roma kulikuwa na msomi mkubwa anaitwa Marius Victorinus, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, mwalimu wa ufasaha wa kusema, amefundisha maseneta, mpaka sanamu yake ikasimamishwa mjini kwa heshima. Uzeeni akaanza kusoma Maandiko kwa makini na akaamini, akawa anamwambia rafiki yake Simplicianus kwa siri, ujue mimi tayari ni Mkristo. Simplicianus anamjibu, sitaamini wala sitakuhesabu kuwa Mkristo mpaka nikuone kanisani. Mzee anacheka, anauliza, kwani kuta ndo zinawafanya watu kuwa Wakristo? Wakaenda hivyo mara nyingi tu, jibu lile lile, kicheko kile kile, na ukweli ni kwamba alikuwa anawaogopa marafiki zake wakubwa wa mjini waliokuwa bado wanaabudu miungu. Mpaka siku akaogopa kitu kingine zaidi, kwamba Kristo naye atamkana mbele ya malaika, akamwambia rafiki yake ghafla, twende kanisani, nataka kuwa Mkristo. Sasa kule Roma aliyekuwa anajiandaa kubatizwa alipanda sehemu ya juu akatamka imani yake kwa maneno aliyoyashika kichwani, kanisa zima linamwangalia, na wenye aibu walikuwa wanaruhusiwa kufanya faraghani. Wazee wakampa Victorinus hiyo nafasi ya faragha akaikataa, akasema alichokuwa anafundisha darasani hakikuwa na wokovu ndani yake na bado alikitangaza hadharani, iweje aogope kulitamka neno la Mungu mbele ya kundi lake? Alipopanda watu wakaanza kunong'ona jina lake, Victorinus, Victorinus, kwa furaha.

Huyu mtu hakuongeza chochote kwenye anachokijua, mafundisho ni yale yale aliyokuwa nayo akiwa anajificha. Kilichobadilika ni kwamba yametoka mdomoni. Kitu kikiwa moyoni tu unaweza kukiacha kesho na hakuna atakayejua, ila ukishakitamka watu wamesikia, adui amesikia, na masikio yako mwenyewe yamesikia, umeshasimama upande mmoja na huwezi kujifanya haupo.

Na watawala wa zamani walilijua hili. Plini alipokuwa gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, kwenye mwaka 112 hivi, alimwandikia Kaisari Trajan jinsi anavyowahukumu Wakristo, anawauliza wewe ni Mkristo? akikubali anamuuliza tena mara ya pili na ya tatu huku anamtishia adhabu, akishikilia anauawa. Aliyetaka kuachiwa ilibidi aiombe miungu, atoe ubani na divai mbele ya sanamu ya Kaisari na amlaani Kristo, kwa mdomo wake. Polikarpo, askofu wa Smirna, aliambiwa amtukane Kristo aachiwe akajibu kwamba amemtumikia Kristo miaka 86 na Kristo hajamkosea yeye lolote, atawezaje kumtukana Mfalme wake aliyemwokoa? Wakamchoma moto. Ndo ujue sentensi fupi "Yesu ni Bwana" ina uzito gani.

Sasa nije kwenye maneno yetu ya kila siku, hapa ndipo watu wengi wanapopotea pande zote mbili. Kwenye Hesabu 13 wapelelezi 12 wa Israeli wameenda siku 40 kuipeleleza nchi ya Kanaani waliyoahidiwa na Mungu, wameona nchi ile ile, zabibu zile zile, majitu yale yale. Kumi wakasema hatuwezi, tulijiona kama mapanzi. Kalebu akasema tupande mara moja maana twaweza kushinda bila shaka. Watu wakawasikiliza wale kumi, wakalia usiku kucha wanasema heri tungekufa jangwani, na Mungu akajibu kwenye 14:28, "kama ninyi mlivyonena masikioni mwangu, ndivyo nitakavyowafanyia ninyi". Wakafia jangwani kweli. Kwa hiyo nikisikia mtu kutwa nzima anajitamkia "mimi wa kufeli tu, mimi sina bahati, ukoo wetu ndo ulivyo" naumia, maana Mithali 18:21 haitanii, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi.

Lakini, na hapa nisieleweke vibaya, Kalebu hakusema majitu hayapo. Kuna mafundisho yanazunguka kwamba ukiwa mgonjwa usiseme unaumwa, eti utakuwa umekiri ugonjwa, mtu ana homa anatetemeka anasema mi mzima kabisa, daktari anamuuliza unasikiaje anaficha. Huo sio ukiri, huo ni uongo, na Mungu hajawahi kuhitaji uongo wetu ili aponye. Mwangalie Ibrahimu, Warumi 4:19 inasema aliufikiria mwili wake uliokuwa kama umekufa, na umri wake wa miaka kama 100, na tumbo la Sara, aliona yote hayo na hakudhoofika imani. Mwambie daktari ukweli wote, unywe dawa, na bado ukiri kwamba Bwana ndiye akuponyaye. Havigombani.

Kingine ni hii tabia ya kutamka magari na majumba kana kwamba mdomo una nguvu yake peke yake. Ukiri wa Kikristo ni kurudia alichokisema Mungu, yeye ndo anatangulia kusema, mimi nafuata. Waebrania 10:23 inasema tulishike sana ungamo la tumaini letu, halafu inatoa sababu, maana yeye aliyeahidi ni mwaminifu. Sasa kama hajaahidi, unashikilia nini?

Mimi binafsi hofu ikinijia usiku naamka nasema Zaburi 27 kwa sauti, "Bwana ni nuru yangu na wokovu wangu, nimwogope nani?", na kuna usiku naisema na machozi juu, hofu haiondoki mara moja, nairudia mpaka nafsi inatulia. Zaburi ya 42 mwandishi anaongea na nafsi yake kabisa, kwa nini kuinama nafsi yangu, umtumaini Mungu. Anaihubiria.

Na mdomo huo huo ndo wa kuungamia dhambi, tusichague upande mtamu tu. Daudi anasema aliponyamaza mifupa yake ilichakaa, na Yakobo 5:16 anatuambia tuungame sisi kwa sisi na kuombeana tupate kuponywa. Mtafute mtu mmoja mcha Mungu anayetunza siri.

Kuna dada aliniuliza, vipi asiyeweza kuongea, bubu yeye anakiri na nini? Swali zuri sana. Zekaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alifungwa ulimi kwa sababu hakuyaamini maneno ya malaika, mtoto alipozaliwa akaomba kibao akaandika "Jina lake ni Yohana", lile lile alilotumwa kumpa, na papo hapo kinywa chake kikafunguliwa. Aliandika kwanza, sauti ikafuata. Kwa hiyo anayekiri kwa mikono, kwa lugha ya ishara au kwa kalamu, mbele ya watu, amekiri kabisa.