Siku yangu na bolti moja ya namba 10

Saa 1:30 asubuhi. Gereji yetu ipo Tabata: mwembe, makontena mawili, na mchanga ulioshiba oili. Kabla sijavaa ovaroli, mwalimu mmoja anaingia na Toyota IST yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba. Hili gari linakunywa maji kuliko mimi."

Wiki iliyopita alibadilishiwa wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupozea injini, kwa fundi mwingine. Nachungulia chini upande wa feni belti: matone, na silikoni nyekundu imepakwa kama siagi kwenye mkate. Fundi akimwaga silikoni nyingi hivyo, ujue kuna kitu anakificha.

Saa 3. Tairi la kulia liko nje, jeki na kigogo cha mbao vimebeba injini, nimefungua maunti, kishikizo cha injini. Najaribu bolti za pampu moja moja. Ya chini inazunguka tu, haikazi wala haitoki. Naipenyezea bisibisi nyuma ya kichwa, nabinua huku dogo akizungusha. Inachomoka na nyuzi za shimo zimejisokota juu yake, kaalminiamu kembamba kama springi ya kalamu. Injini ya gari hili, 1NZ, ni alminiamu, na bolti ile ni M6: unene milimita 6, kichwa cha spana namba 10. Kukaza kwake ni nyutoni mita 11 tu. Mtu aliiwekea racheti ndefu akaivuta kwa bega.

Saa 4 ni maneno. Mwalimu anauliza kama haiwezekani kubandika kwa gundi ya chuma. Dogo anataka tutoboe tuweke bolti ya M8. Namwonyesha ukingo wa shimo: nyama iliyobaki ni nyembamba, ikipasuka tunabadilisha kava zima. Na pampu yenyewe ingebidi itobolewe, kwa hiyo kila pampu ijayo nayo itobolewe. Tunakubaliana helikoili, ile springi ya chuma kisichoshika kutu inayokaa shimoni na kuwa nyuzi mpya.

Saa 5 nipo juu ya bodaboda kwenda Kariakoo. Duka la kwanza wana springi bila tepu yake, kile chuma cha kuchongea nyuzi shimoni. Haifai, maana tepu ya kawaida ya M6 haichongi njia ya helikoili. Duka la tatu wana seti kamili, na biti ya drili ya milimita 6.3.

Saa 8, baada ya wali maharage. Drili haiingii, bodi ya gari ipo karibu mno. Sijali sana, maana shimo lililokula nyuzi limeshakaribia milimita 6. Naikamata biti kwa mpini wa tepu nazungusha kwa mkono, nimeipaka grisi ili unga wa alminiamu unate hapo. Nyuma ya kava hilo kuna timing cheni, mnyororo wa ndani ya injini, sitaki hata chembe ipite. Halafu tepu, na tone la mafuta ya taa. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mkwaruzo ukatike. Dogo anashika tochi na anapumua kuliko mimi. Ukipinda hapa, umepinda moja kwa moja.

Nasafisha shimo, naingiza springi mpaka izame kidogo chini ya uso, kisha navunja kwa pini kaulimi kake ka kuizungushia na kukatoa. Bolti naianzisha kwa vidole. Inaingia laini, mizunguko yote, kama ndiyo inatoka kiwandani.

Saa 10. Gasketi mpya bila silikoni, kulanti badala ya maji ya bomba, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inalia "tak". Dogo anataka kuongeza kidogo "kwa usalama". Namnyang'anya spana.

Saa 12 jioni injini imechemka, feni imewaka na kuzima mara mbili, chini pakavu. Mwalimu analipa, anaomba ile bolti ya zamani na springi yake ya alminiamu. Anasema anaipeleka kwa yule fundi.

Saa 2 usiku nipo nanawa mikono kwa Omo na mchanga, simu inaita. "Baba, nimefika Kibaha. Mshale wa joto upo katikati."