Nilivyojifunza kuituliza helikopta hewani, kwanza nyumbani Mwanakwerekwe

Kupaa na helikopta kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza kurusha ndege, si kazi. Kazi ni kuituliza: isimame futi tano juu ya ardhi, isiende mbele, isirudi nyuma, pua isigeuke. Naeleza nilivyoliweza hilo kwa sababu nawaona vijana wa huku wanaopenda ndege wakikata tamaa mapema, wakidhani kompyuta zao ndizo hazina nguvu.

Mara nyingi shida ni jostiki ya dukani, ile fimbo ya kuongozea ndege kwenye kompyuta. Ina springi inayoirudisha katikati kila ukiiachia, jambo linalofaa ndege ya mabawa. Helikopta haina katikati ya kudumu. Pale ilipotulia ndipo hapo, na upepo ukigeuka pamehama. Niliifungua, nikaitoa springi, nikairefusha fimbo kwa kipande cha bomba la plastiki. Fimbo ikiwa ndefu, mkono unaweza kuamuru kidogo kidogo, na helikopta haitaki zaidi ya hapo.

Wenzo wa mkono wa kushoto, unaobadilisha pembe ya mapanga yote yanayozunguka juu kwa pamoja, alinichongea shemegi yangu, seremala. Ni kipande cha mninga kilichofungwa kwa bolti karibu na paja. Kwenye bolti tulipachika kile kifaa cha kuongezea sauti, kilichotolewa kwenye redio mbovu kwa fundi mmoja wa Darajani. Waya zake tatu zikaingia kwenye saketi ya jostiki ya zamani. Tukatia washa ya raba, tukakaza mpaka wenzo ukabaki pale unapouacha. Pedali nazo, za miguu ya kugeuzia pua, akazitengeneza yeye.

Uwanja wangu wa mazoezi kwenye kompyuta ulikuwa Abeid Amani Karume, uwanja wa ndege wa Unguja, na helikopta ni Robinson R22 iliyomo kwenye simuleta ya X-Plane 12. Mapanga ya Robinson, ukiyatazama kutoka juu, yanazunguka kinyume cha saa. Ukiinua wenzo, pua inakimbilia kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto lazima uende nao. Anayetumia helikopta ya Cabri G2, iliyoingia kwenye simuleta nyengine, Microsoft Flight Simulator, Novemba 2022, ajue mapanga yake yanazunguka upande mwengine na miguu inabadilishana kazi.

Ufunguo wenyewe ulikuwa macho. Nilipoacha kuitazama lami iliyo chini ya pua nikatazama mbali, mwisho wa njia ya kurukia, na mkono wa kulia nikauegemeza juu ya paja, helikopta ikaanza kukaa.

Baadaye nikapata somo la helikopta ya kweli, Robinson R44, Nairobi, uwanja wa Wilson. Mwalimu hakunipa vyote kwa pamoja. "Miguu kwanza, mdogo wangu. Mengine niachie mimi." Kisha akanipa wenzo, fimbo ikaja mwisho. Miguu ilikwenda yenyewe, na hiyo ni kazi ya Mwanakwerekwe. Kilichokuwa kigeni kabisa ni kiuno. Helikopta ikitaka kuinama, makalio yanajua kabla ya macho, na mkono unasahihisha pale pale. Nyumbani habari zote zinapita kwenye kioo, tena zinachelewa. Ndiyo maana naamini anayeweza kutulia kwenye simuleta asiidharau kazi aliyoifanya.

Hewa nayo ni nyengine. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na wenzo unainuliwa zaidi kuliko Unguja. Ila ule mtetemo wa kati ya kilomita 30 na 45 kwa saa, mapanga yanapopata hewa safi na helikopta ikajiinua, niliutambua mara moja.

Kuna jambo silifanyi tena hata kwenye kompyuta: kusukuma fimbo mbele kwa ghafla. Kusukuma hivyo kunaifanya helikopta iwe kama haina uzito, na kwenye rota ya mapanga mawili kama ya Robinson, uzito ukipungua hewani, kitovu cha mapanga kinaweza kuugonga mhimili na kuukata. Simuleta inakusamehe, mkono ukazoea. Nikivuka kwenda Pemba pia, nikiikaribia Chake Chake na kasi imeshuka chini ya kilomita 55 kwa saa, sishuki kwa zaidi ya futi 300 kwa dakika, maana ukizidi hapo mapanga yanaweza kuzama katika hewa yaliyoivuruga yenyewe, na kuinua wenzo kunaongeza tu kuanguka. Likitokea, napeleka pua mbele taratibu nitoke kwenye hewa hiyo, kisha ndipo naongeza nguvu.