Ule mdomo wa injini uliobonyea

Mara ya kwanza kutembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi za ndege ya Boeing 737-300 nilisimama nikaduwaa, mhudumu ananipungia niharakishe na mimi nimeikodolea macho injini. Mdomo wa mbele sio duara bwana, chini umebonyea kama tairi lililopungua upepo. Nikajisemea hii ilishagonga kitu wakaipiga rangi wakairudisha kazini. Nikapanda hivyo hivyo, dua mdomoni.

Baadae ndo nikaja kuelewa. 737 ya kwanza iliruka 1967 na ilifanywa ikae chini karibu na ardhi makusudi, viwanja vidogo havikuwa na vifaa vingi so mizigo ipakiwe na mtu aliyesimama tu chini. Injini zake zilikuwa nyembamba kama bomba, zinajibana chini ya bawa bila shida. Afu mafuta yakapanda bei, Boeing wakataka injini mpya, CFM56, yenye feni kubwa mbele, na ndege ni ile ile, miguu ile ile mifupi. Basi feni ikapunguzwa ikawa kama mita 1.52, injini ikasogezwa mbele ya bawa, na giaboksi inayoendesha pampu na jenereta, ambayo ilikuwa tumboni mwa injini, ikahamishiwa ubavuni mwake. Ndo maana mashavu yamevimba na chini pako bapa. 1984 ikaruka hivyo.

Sasa mimi kilichokuwa kinanisumbua, feni ni duara, mdomo ni bapa, hewa si itavurugika? Aisee hapo ndo utamu ulipo. Ule mdomo sio tundu tu la kuingizia hewa. Huko juu ndege inakimbia kilomita 800 na ushee kwa saa na feni haitaki hewa iingie na spidi hiyo, inataka kama nusu ya spidi ya sauti, tena ifike imetulia, sawasawa kila upande. Kazi ya kuipunguza kasi inafanywa na umbo peke yake, hakuna kinachozunguka hapo. Njia inapanuka taratibu toka kwenye koo, pale pembamba kuliko pote ndani ya mdomo, mpaka kwenye feni, ukiipanua kwa pupa hewa inabanduka ukutani inaanza kujivuruga, na mapanga ya feni yanatikiswa vibaya. Kutoka bapa kurudi duara nako ni hivyo hivyo, pole pole.

Kingo zenyewe ni kesi nyingine. Ndege ikiwa mwanzo wa ranwei injini inavuta kwa nguvu zote, na hewa haiji kutoka mbele tu, inaingia toka pembeni, nyingine inakata kona kuzunguka ukingo. Ukingo ukiwa mwembamba hewa inashindwa kona, hasa upepo ukipiga ubavuni. Ukiwa mnene sana, huko angani unageuka mzigo unakula mafuta. Kwa hiyo kila ukingo unaouona ni makubaliano ya watu wawili wanaogombana lol

Na kuwa karibu na ardhi kuna balaa lake, chamchela. Hewa inajisokota kati ya lami na mdomo wa injini, siku ya mvua unaiona kabisa inanyonya maji, na inaweza kunyanyua kokoto. Zile 737-200 zilizokuwa zinatua kwenye viwanja vya changarawe Alaska na kaskazini mwa Kanada zilifungwa kibomba mbele ya injini, kinapuliza hewa chini kuivuruga chamchela kabla haijajikusanya. Aliyewaza hiyo ningemnunulia chai na chapati mbili.

Juzi Dar nimeiona 737 MAX 9 ya Air Tanzania. Feni imekua mpaka mita 1.76, mguu wa mbele umerefushwa kama sentimita 20, na mdomo umerudi karibu duara kabisa. Mzuri, sikatai. Ila nilipita moja kwa moja mpaka kwenye siti yangu, hakuna aliyehitaji kunipungia.