Kadi ya chanjo isiyo na kichaa cha mbwa

Kitu cha kwanza nilichokitafuta kwenye kadi ya Tufani, mtoto wangu wa mbwa, ni chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo haimo. Zimo distempa, parvo, homa ya ini ya mbwa na leptospira, kila moja na stika yake na saini ya daktari. Ile ambayo mtu aliyekulia Afrika Mashariki angeitaja hata akiamshwa usingizini haina hata mstari. Nikamuuliza daktari wa mifugo kama ameiruka. Akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuulizwa hilo na wageni wengi, akasema hapa Uingereza haichomwi mpaka mbwa awe na safari ya nje.

Dada yangu hakuridhika nilipompigia simu. "We! Kwa hiyo akikung'ata?"

"Akining'ata nitatoka damu, dada, basi."

Na kweli ni hivyo. Tangu mwaka 1922 kichaa cha mbwa hakizunguki tena kwa wanyama wa nchi kavu wa huku. Popo wana kirusi cha ukoo huohuo, lakini hayo ni ya popo. Duniani kote, ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa hana tiba ya kutegemea. Ndiyo maana kwetu kampeni hukusanya mbwa wa kijiji kizima siku moja: wakichanjwa asilimia 70 hivi, maambukizi hukosa pa kupita. Basi tumekua tukijua kwamba sindano ya mbwa ni ya kumlinda binadamu. Huku orodha karibu yote ni ya kumlinda mbwa mwenyewe, na ukiisoma kwa jicho hilo ndipo inapoeleweka.

Jambo linalowachanganya wengi ni kurudiwarudiwa kwa sindano. Tufani alichomwa ya kwanza akiwa na wiki 8, akaitwa tena, na bado yuko kwenye orodha ya kurudi. Rafiki yangu mmoja aliniambia kliniki zinatafuta hela tu. Hapana. Mtoto wa mbwa hunyonya kingamwili kwenye maziwa ya dang'a, siku yake ya kwanza duniani, na kinga hiyo ya mama humlinda kwa wiki kadhaa. Shida ni kwamba haibagui: ni kama mlinzi wa geti anayemfukuza hata mlinzi mwenzake aliyeletwa kumpokea zamu. Chanjo ikiingia, kinga ya mama huizima kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote. Kisha kinga hiyo hupungua, kwa mmoja mapema, kwa mwingine kwa kuchelewa, hata kwa ndugu waliozaliwa tumbo moja. Hakuna anayeweza kumtazama mtoto wa mbwa usoni akajua siku hiyo ni ipi. Kwa hiyo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, ili mojawapo ikute mlango wazi.

Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa wanyama wadogo unataka dozi ya mwisho ya mfululizo huo isiwe kabla ya wiki 16. Ratiba nyingi za huku huishia mapema zaidi, kwenye wiki 10 au 12, kufuatana na maelezo ya mtengenezaji wa chanjo. Mimi nililiuliza hilo waziwazi, na daktari akakubali kuongeza dozi moja ya wiki 16 bila ubishi. Ulizeni. Sisi wageni tuna tabia ya kukubali kila kinachosemwa na mtu aliyevaa koti la kazi, hasa kwa lugha isiyo yetu.

Kinachofanya hayo yote yafaa kusumbukiwa ni parvo. Kirusi hiki kilijulikana mwaka 1978, kikiwa ndugu wa karibu wa kirusi cha paka, na ndani ya miaka michache kilikuwa kimezunguka dunia. Humshika mtoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, na asipowahi kutibiwa huenda akafa ndani ya siku chache. Hukaa udongoni kwa miezi, sabuni ya kawaida haikiwezi, dawa ya klorini ndiyo inayokimudu. Huhitaji kukutana na mbwa mgonjwa. Soli ya kiatu chako inatosha kukileta sebuleni.

Distempa nayo ni binamu wa surua ya watoto na wa sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ukidhani ni ugonjwa wa mbwa wa Wazungu, kumbuka Serengeti mwaka 1994: ulipita kwa simba na kuua karibu theluthi yao, na watafiti waliofuatilia chanzo walielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Homa ya ini siku hizi ni adimu huku, kwa sababu ya chanjo hiyohiyo.

Leptospira ndiyo inayotuhusu sote wawili, mimi na mbwa. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na kukaa kwenye maji yaliyotuama, na binadamu huambukizwa pia. Watanzania watakumbuka homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Kinga yake haidumu, hivyo hurudiwa kila mwaka, wakati zile tatu za virusi, mbwa akishakua, hazihitaji kurudiwa mara nyingi kuliko kila baada ya miaka 3.

Baada ya sindano Tufani alilala mchana kutwa na kuniangalia kwa lawama. Usingizi na uvimbe mdogo pale alipochomwa si neno. Uso ukivimba au akianza kutapika mfululizo, rudi kliniki saa hiyohiyo, usisubiri kesho.

Kipindi cha kungoja ndicho kigumu. Hatakiwi kukanyaga mahali mbwa wengine wanapojisaidia, na wakati huohuo umri kati ya wiki 3 na 14 hivi ndio anaojifunza nini cha kuogopa na nini si cha kuogopa. Ukimfungia ndani utamlinda na parvo, kisha utaishi na mbwa anayetetemeka akiona baiskeli. Nilimbeba. Nikasimama naye kituo cha basi, nikamwonyesha watoto wa shule, kofia, miavuli, magari ya taka. Majirani ambao hatukuwahi kuvuka "habari ya asubuhi" wakaanza kusimama. Wenzangu wa kutoka nyumbani sasa wananiita Mama Tufani, na sijakataa.

Sasa kuhusu ile iliyokosekana. Wengi wetu tuna mpango wa kurudi usio na tarehe, na mbwa huishi miaka zaidi ya kumi, kwa hiyo nimeamua Tufani achomwe ya kichaa hata bila tiketi mkononi. Kwa safari, chanjo huhesabiwa mbwa akiwa ametimiza wiki 12, na chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, lazima iwe imewekwa kabla ya sindano au siku ileile. Yeye alikuja na chipu tayari, maana sheria humtaka mfugaji aiweke kabla mtoto hajapita wiki 8. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha jina la mwenye mbwa kwenye rejista. Baada ya sindano kuna siku 21 za kusubiri. Anayetaka kwenda Kenya au Tanzania na kumrudisha mbwa Uingereza ana la ziada, kwa kuwa nchi zetu hazimo kwenye orodha iliyolegezewa masharti: kipimo cha damu, kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, kuthibitisha kinga imeshika. Fanya kipimo hicho kabla hujaondoka, na andika tarehe ya kurudia chanjo mahali utakapoiona, kwa sababu ikipita hata kwa siku moja mbwa huhesabiwa kama hajawahi kuchanjwa, na siku 21 huanza upya.