Siku moja maishani mwangu: bibi shamba wa Mgeta

Saa 11 alfajiri. Huu ni mwezi wa Mei, masika yanakaribia kuisha, na ukungu umejaa mabondeni kiasi kwamba nyumba ya jirani haionekani. Mimi ni afisa ugani wa kata moja ya tarafa ya Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, wilayani Mvomero, ingawa sijawahi kusikia mkulima akiniita kwa cheo hicho: hapa mimi ni bibi shamba, kama aliyenitangulia alivyokuwa bwana shamba. Nakoka moto, nakunywa chai, navaa mabuti ya mpira na sweta chini ya koti la mvua. Mkobani naweka kisu, glasi tupu, daftari na simu niliyoichaji kwa umeme wa jua.

Saa 12 na nusu asubuhi. Pikipiki inabaki nyumbani, kwa sababu kitongoji ninachokwenda hakifikiki ila kwa miguu. Mtu wa huku akikuambia kwamba shamba lake liko hapo ng'ambo, na kweli unaliona kwa macho, ujue kwamba utashuka hadi mtoni, utavuka kwa kukanyaga mawe, kisha utapanda upya mpaka pumzi ikate. Njiani napishana na akina mama waliojitwika mizigo ya kabichi na vijana wenye viroba vya viazi mabegani, wote wakiwahi gulio. Zao la hapa husafirishwa kwa kichwa na mgongo kabla halijapakiwa kwenye chombo chochote cha moto, na katika hesabu zote za gharama za uzalishaji ambazo nimewahi kujaziwa kwenye semina, sijaona safu ya gharama hiyo.

Saa 2. Mzee aliyeniita jana amesimama pembezoni mwa shamba lake la viazi mviringo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bibi shamba. Njoo utazame mwenyewe. Mvua ipo, udongo umelowa, na viazi vinanyauka kama vile tuko kiangazi."

Katika baridi na unyevu wa namna hii, jambo la kwanza kufikiriwa ni bakajani chelewa, ugonjwa unaotia majani mabaka, lakini majani haya hayana mabaka. Yamelegea tu yakiwa bado mabichi. Nakata kipande cha shina karibu na ardhi, nakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, na tunasubiri. Baada ya muda mfupi nyuzi nyeupe, mithili ya maziwa, zinaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko bakteria. Mzee anauliza swali ambalo nililitarajia: anyunyizie dawa gani? Namjibu kwamba hakuna dawa ya kunyunyizia, na naona jinsi jibu hilo linavyonishushia hadhi mbele yake. Mimea yenye ugonjwa ing'olewe na kuteketezwa, viazi visirudiwe hapa kwa misimu kadhaa, wala nyanya na biringanya zisipandwe, bali mahindi au karoti. Zaidi ya hapo, bakteria hawa husafiri na maji yanayotiririka, na shamba lililo chini yake ni la mpwa wake. Chanzo huenda ni mbegu, kwani wakulima wengi hubakiza viazi vidogo vya mavuno yaliyopita au hununua sokoni. Mbegu iliyothibitishwa ipo nchini, lakini hadi ifike juu huku bei yake imeshampita mkulima wa kawaida.

Saa 4. Sehemu hii ya siku ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kazi yangu. Pamoja na kikundi cha wakulima tunapima kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, kwa fremu A, kifaa chenye umbo la herufi hiyo tulichokiunda kwa miti na timazi ya jiwe, ili wapande mistari ya majani ya malisho itakayoukinga udongo usisombwe. Uluguru huwezi kulizungumzia jambo hili bila kukumbushwa mwaka 1955, wananchi walipokataa kwa nguvu amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta mapana ya ngazi, na mpango huo ukafa. Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama ukaidi wa wakulima. Mimi nimeuchimba udongo huu na siwezi kukubaliana nao: tabaka lenye rutuba ni jembamba, na ukilichimba kwa kina unalifukia na kuleta juu udongo usiootesha kitu cha maana. Wakulima waliujua udongo wao kuliko walioleta amri. Ndiyo maana ngazi ndogo za hapa, zinazotengenezwa kwa kufukia nyasi na magugu mteremkoni, zinastahili kuboreshwa badala ya kudharauliwa.

Jambo lililo gumu zaidi kulieleza ni mita 60. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya umbali huo kutoka kingo za mito, na sababu yake naielewa, kwani maji ya vijito hivi huingia Mto Mgeta, kisha Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Hata hivyo, penye bonde jembamba, mita 60 ni shamba zima la familia. Juu yake kuna msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ambako hairuhusiwi kulima. Mkulima aliyebanwa kati ya mto na msitu huniuliza aende wapi, na sina jibu lililoandikwa katika kitabu changu cha kazi.

Saa 7 mchana. Nakaribishwa ugali, maharage na maziwa ya mbuzi katika nyumba ya mama mmoja mfugaji. Mbuzi wake wa maziwa wana damu ya wale walioletwa kutoka Norway katika miaka ya 1980 kupitia chuo cha kilimo cha Sokoine, na samadi yao ndiyo inayolirutubisha shamba lake. Ardhi ni yake kwa upande wa mama, kama ilivyo desturi ya Waluguru, kwa hiyo hakusita kupanda miti ya matunda. Mume anayelima ardhi ya ukoo wa mkewe mara nyingi husita.

Saa 9. Kwenye gulio, magari ya wachuuzi yameshapanga foleni. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa zipo mbele ya macho yangu, zimefumwa kilemba cha kamba juu na kuongezewa ujazo ambao haulipiwi. Nawaambia wauzaji wadai mizani. Binti mmoja ananijibu kwa adabu kwamba mizani ni kitu kizuri, ila kabichi aliyoibeba tangu alfajiri hawezi kuirudisha mlimani, na mchuuzi analijua hilo. Mvua ikianza, bei inashuka papo hapo, kwa kuwa dereva anataka kuondoka kabla barabara haijawa tope.

Saa 1 usiku. Napanda kichuguu kilicho nyuma ya shule, mahali penye mtandao, nikahuishe taarifa za wakulima wanaosubiri namba za mbolea ya ruzuku. Taarifa za watatu zinakubaliwa kabla mtandao haujakatika. Waliobaki nitawashughulikia kesho asubuhi, kisha nitakwenda kwa yule mpwa wa mzee, nikakague shamba la chini kabla maji hayajafika.