Kilomita 200 Kabla ya Chakula cha Usiku

Dada yangu hakuwa na ugomvi na baiskeli. Alichokuwa hakipendi ni kuona baiskeli zinatoka nyumbani wakati nyanya zinaiva. Mwaka ule mume wake, shemeji yangu, alikuwa ameazimia kuendesha kilomita 200 kwa siku moja kabla majira ya joto hayajaisha, nami nikaitwa kwa kazi mbili ambazo kila mmoja wao aliamini ndiyo sababu pekee ya kuja kwangu: dada alitaka mikono ya kuvuna, na shemeji alitaka mtu wa kupokezana naye mbele penye upepo. Mwishoni mwa Agosti, katika nchi zilizo mbali na ikweta, mchana hupungua kwa dakika kama tatu kila siku, kwa hiyo kadiri tulivyoahirisha ndivyo mwanga ulivyozidi kutuponyoka. Wakati huohuo bustani ilikuwa imefikia hali ile ambayo mtu akiipa kisogo siku mbili tu, maharage mabichi hukomaa yakawa nyuzi tupu na mamumunye hunenepa hadi yasilike.

Sharti la dada lilikuwa moja tu, kwamba bustani itangulie. Tulianza na nyanya. Ncha za mashina yote alikwisha kuzikata wiki chache nyuma, kwa sababu ua linalochanua mwishoni mwa majira huhitaji wiki sita hadi nane kufikia tunda bivu, muda ambao baridi haimpi mtu, na kuliacha ua hilo ni kuyapunja matunda ambayo tayari yapo. Sisi tulipaswa kuchuma yale yaliyokwisha kuanza kubadilika rangi, hata kama upande mmoja ulikuwa bado kijani, na kuyapanga ndani juu ya magazeti bila kugusana sana. Shemeji aliuliza kwa nini tusiyaache juani yakaiva vizuri. Dada, bila kuinua kichwa, akamjibu kwamba ile rangi nyekundu haijengeki sawasawa joto likipita nyuzi 30 za Selsiasi, na kwamba tunda lililokwisha kuanza kuiva hutoa lenyewe gesi ya ethilini, gesi ambayo huliivisha tunda hilo na kuwaivisha jirani zake hata likifungiwa kabatini.

Yeyote aliyewahi kushinda kwenye mashina ya nyanya anaijua ile rangi inayobaki mikononi, kijani inayoelekea weusi, isiyoonekana mpaka mtu anapoosha mikono na povu la sabuni likageuka manjano. Shemeji alikwenda kukagua baiskeli yake kabla hajanawa. Utepe wa usukani wake ulikuwa mpya, mweupe, umezungushwa kwa uangalifu wa mtu aliyengoja siku hiyo kwa muda mrefu, na alipouachia ulikuwa na alama za vidole vyote kumi. Akausugua kwa kitambaa chenye sabuni, alama zikatanuka. Dada alicheka hadi akakaa chini kwenye ukingo wa tuta, akasema sasa baiskeli nayo imefanya kazi.

Vitunguu havikuwa na mengi. Majani yake yalikuwa yamelala yenyewe, ishara kwamba havihitaji tena maji, nasi tukaving'oa na kuvitandaza kivulini mahali penye hewa ili shingo zikauke. Vikihifadhiwa na shingo mbichi huoza kuanzia hapo. Maharage ya mbegu tuliyachuma yale tu ambayo maganda yake, yakitikiswa, yalilia. Viazi tulichimbua tuta moja, mengine yakabaki.

Jambo ambalo wasiolima hawalijui ni kwamba bustani ya nyumbani, kwa wiki hizo chache, ni mzigo. Kwa miezi mingi mtu huhesabu chipukizi mojamoja kama bahili, kisha ghafla kila kitu kinazaa siku moja, na walaji ni walewale. Jirani mmoja alikuwa na mazoea ya kuacha kapu la mamumunye mlangoni alfajiri na kuondoka kabla hajaonekana, na nina hakika kwamba baadhi ya mamumunye hayo yalikuwa ya dada mwenyewe, yaliyokwisha kuzunguka nyumba kadhaa. Ndiyo maana, nadhani, dada aliikubali safari yetu mwishowe. Mtu anayeendesha baiskeli kilomita 200 hutumia nguvu ambazo kuzirudisha huhitaji chakula cha zaidi ya siku moja ya kawaida, na yeye alikuwa na chakula kisicho na matumbo. "Nendeni, mdogo wangu," aliniambia. "Angalau mtarudi na njaa ya maana."

Usiku ule, tukiwa tunachemsha viazi vidogo na maganda yake, shemeji alinisimulia habari ambazo ndizo zilizomtia wazimu huo. Duniani kuna waendesha baiskeli wa masafa marefu wasioshindana na mtu bali na saa. Kwa kilomita 200 hupewa saa 13 na nusu, vituo vya kula na kuziba pancha vikiwamo. Kwa kilomita 600 hupewa saa 40. Na kilele chao ni Paris–Brest–Paris, kilomita zipatazo 1,200 ndani ya saa 90, safari inayofanyika Agosti, kila baada ya miaka minne. Ilianza mwaka 1891 ikiwa mashindano, na mshindi, Mfaransa Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika 22, akiwa juu ya tairi za upepo za Michelin zilizokuwa kitu kipya wakati huo. Shemeji alizitaja dakika hizo 22 kana kwamba yeye ndiye aliyeshika saa. Sisi hatukuwa tumejiandikisha popote, wala hapakuwa na kadi ya kugongwa muhuri, lakini aliapa kwamba tutafuata kipimo kile: tukitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa moja jioni iwe imetukuta mezani.

Tulitoka taa zikiwaka. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde, na kila tuliposhuka ubaridi uliingia shingoni, kila tulipopanda jasho likarudi. Kulipopambazuka tulikuwa tunakwenda kwa mwendo ambao sikuutarajia. Shemeji aliufurahia, akaanza kupiga hesabu kwa sauti, kwamba kwa kasi hii tutakuwa nyumbani alasiri. Mimi niliyatazama majani ya kando ya barabara. Yote yalikuwa yameinamia kule tulikokuwa tunakwenda. Upepo wa nyuma una hila hiyo, kwamba ukikaribiana na kasi yako huusikii kabisa. Hewa hutulia masikioni, na sifa zote mtu anaipa miguu yake. Sikumwambia neno. Asubuhi njema kama ile haistahili kuharibiwa kwa kukumbushwa kwamba njia ya kurudi ipo.

Tulipogeuza, upepo ulikuwa unatusubiri. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi ya hewa inayokukabili, kwa hiyo upepo wa mbele haupunguzi mwendo kidogokidogo, unaukata. Dawa yake ni kupokezana: wa mbele apasue hewa, wa nyuma akae karibu na tairi lake, umbali wa nusu mita au pungufu, mahali ambapo mzigo wa hewa hupungua sana, kisha wabadilishane kabla wa mbele hajachoka. Wa nyuma haoni mandhari. Anachoona ni tairi la mwenzake, na kwa saa nzima nilijifunza kila mkwaruzo wa tairi la shemeji, pamoja na kipande cha jani la nyanya kilichonasa chini ya siti yake na kupepea huko kilomita baada ya kilomita.

Kisha shemeji akaacha kuzungumza. Kwa mtu kama yeye hiyo ni dalili kubwa kuliko homa. Zamu yake mbele ilianza kufupika, nilipomuuliza jambo alijibu kwa kuguna, na mara moja akaitukana gia iliyokuwa haina kosa lolote. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na akiba hiyo, kwa mtu anayekanyaga pedali kwa bidii, haidumu zaidi ya saa mbili tatu bila kuongezewa. Ikiisha, miguu haiumi, inakataa tu, na akili huingia kiza. Alikuwa na vitu vitamu mfukoni, tena vingi, lakini tangu asubuhi alikuwa amekula utamu mtupu na sasa ulimi wake ulikuwa umeukinai, kila alipofungua pakiti tumbo likapinda.

Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nikatoa vile viazi vidogo, vimefungwa kitambaani, vimejaa chumvi kiasi kwamba baadhi vilikuwa na ukoko mweupe. Vilikuwa vimepata joto la mgongo wangu. Alikula cha kwanza kwa kuogopa, cha pili kwa kutafuna polepole huku amefumba macho, na baada ya hapo sikuona tena kimoja kimoja, niliona mkono ukienda na kurudi. Maganda yalikuwa bado na chembe za udongo wa tuta la dada. Hakuyamenya. Baada ya muda mfupi akaanza kuniambia kwamba Terront hakulala usiku wote wa mashindano, nami nikajua tumepona.

Sehemu iliyobaki siikumbuki vizuri, na sidhani kama ina la kukumbukwa: upepo, zamu, upepo. Tulifika saa kumi na mbili na robo jioni, jua bado likiwapo, ndani ya kipimo na ziada ya robo tatu ya saa, ambayo shemeji aliitangaza kwa jirani wa kwanza aliyemwona hata kabla hajashuka.

Dada alikuwa ameunganisha meza mbili uani na kuzifunika kwa shuka moja ili tofauti ya kimo isionekane, ingawa kila sahani iliyowekwa pale katikati iliinama. Majirani walikuwa wamekuja, kila mmoja na mavuno yake, na kwa kuwa hakuna aliyeshauriana na mwenzake palikuwa na mamumunye ya kukaanga, ya kuchemsha, ya kuoka, na mengine mabichi ya kubeba nyumbani. Nyanya za juu ya magazeti zilikuwa zimekatwa vipande vinene, na chumvi ilikuwa imekwisha kuyavuta maji yake hadi ukingo wa sahani. Niliambiwa nikate vitunguu. Nikashika kisu, lakini kidole cha pete na kile cha mwisho vilikuwa na ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja ulikuwa umebanwa na usukani mchana kutwa, na kisu kikawa kinageuka mkononi. Mama mmoja jirani akanipokonya kwa upole. Akaviangalia vidole vyangu, vilivyokuwa bado na ule weusi wa nyanya kwenye kucha, akauliza ni baiskeli au ni bustani. Nikamwambia ni vyote, shikamoo. Nilikuwa nimesahau kumwamkia.

Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno mezani isipokuwa kuomba kitu kipitishwe. Nimekaa kwenye karamu zilizopangwa kwa gharama kubwa, zenye vyakula ambavyo siwezi kuvitaja majina, na sijaona chakula kikishuka kwa kasi ile. Chungu cha maharage kilirudi jikoni mara mbili. Dada alikuwa anasimama kila baada ya dakika chache kuangalia sahani zilizo tupu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelipwa deni.

Mzee mmoja, aliyekuwa amesikiliza habari yote ya kilomita, upepo na robo tatu ya saa bila kupepesa, hatimaye akaweka kijiko chini. "Sasa mwanangu, huko mlikokwenda," alimuuliza shemeji, "mlikwenda kufanya nini?"

"Tulikwenda kurudi, mzee."

Mzee akakitafakari kijibu hicho, akasema kumbe ni kazi. Dada akadakia kwamba kama ni kwenda na kurudi tu, basi kesho yapo matuta matatu ya viazi, na kutoka matutani hadi stoo ni kwenda na kurudi mpaka mtu achoke, tena mvua inakuja. Shemeji akauliza kama huko nako kuna upepo wa mbele, kisha akaomba apitishiwe mkate.